Mwanangu haangalii machoni ila anasikia

Jana nimeenda na mwanangu soko la Majengo kununua zabibu, ana miaka 6 na ana usonji, mama muuzaji akamwita vizuri tu, "baba hujambo, shikamoo yangu iko wapi", yeye macho yote kwenye mzani anaangalia mshale unavyocheza. Mama wa watu akasema we mtoto niangalie basi nikiongea. Jamani iliniuma.

Maana hata sisi ndo tulichelewa kugundua usonji wake hapo hapo, bibi yake alikuwa anasifia kabisa mjukuu ana adabu, hakodolei wakubwa macho, kumbe hata mimi nikimnyonyesha alikuwa haniangalii. Nikaja kusoma mwaka 2013 watafiti wa Marekani, Jones na Klin, walipima macho ya vichanga, wale waliokuja kukutwa na usonji mwanzoni walikuwa wanaangalia macho ya watu kama wenzao, ikaanza kupungua kati ya miezi 2 na 6.

Sasa msimshike kidevu mtoto wa mtu kumgeuza, wengine kuangaliana machoni kunawachosha mpaka kusikiliza kunawashinda.

Tumeshapanda bajaji tunarudi Chang'ombe, kimyaa, ghafla anasema "marahaba... shikamoo mama zabibu".