Folio ya 23: nilivyoingia kwenye mtihani na deni la ada

Nianze na walionipoteza nilipokuwa natafuta hela ya ada. Wa kwanza ni shosti wangu wa geto la jirani pale Soweto, Mbeya: "Kopa kwenye simu, dakika tano hela imeingia." Iliingia kweli, elfu hamsini na kitu, imeshakatwa juu kwa juu. Siku ya saba wakaanza kuwatumia meseji watu niliowasevu kwamba mimi ni tapeli. Mmoja wao ni mchungaji wetu wa Tukuyu. Benki Kuu (BoT) walipotangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni, Novemba 2024, nilisoma orodha yote namtafuta mwizi wangu.

Wa pili alinituma Bodi ya Mikopo, eti wana hela ya dharura. Jamani, Bodi ina dirisha lake la maombi kila mwaka, majina yakitoka kuna rufaa, basi. Mguu wa mzee kuvunjika mwezi wa tano haumo kwenye ratiba hiyo. Halafu mimi sikuwahi kuomba hata mara moja, kwa sababu mzee alisema parachichi zitanisomesha. Na zilinisomesha, mpaka alipodondoka kutoka kwenye mparachichi, ada ya awamu ya pili ikageuka chuma cha paja.

Nikabaki na deni la laki nne na ushee, UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, wiki tatu mbele, na chuo ni cha serikali lakini mwenye deni hapewi kibali cha mtihani.

Barua ya kwanza ya kuomba msaada chuoni niliiandika usiku, ile baridi ya Julai, nimevaa soksi mbili mbili. Kurasa tatu! Nilianza na bibi aliyenilea, nikapita kwenye njia ya matope ya kwenda shule ya msingi, nikachomeka mstari wa Zaburi, nikafunga kwa kusema machozi yangu yameidondokea karatasi hii. Doa lilikuwepo kweli. La chai.

Mshauri wa wanafunzi, mama mtu mzima, akavaa miwani akaisoma yote. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikajisemea moyoni, kwisha kazi. Akamaliza ukurasa wa tatu, akaugeuza nyuma kuangalia kama kuna kingine, akaniuliza, "Sasa binti, unataka nini?"

"Msaada, mama."

"Wa shilingi ngapi? Au unataka muda? Mbona hapa hujaandika?"

Nilitamani doa la chai linimeze.

Ila ndiye aliyenifungua macho. Hakuna droo ya hela inayosubiri wenye shida, aliniambia, lakini kuna watu wanaoweza kusaini uingie kwenye mtihani ulipe kidogo kidogo, matokeo yakizuiwa hadi umalize. Hilo lilinitosha.

Barua ya pili ilikuwa nusu ukurasa. YAH: OMBI LA KUFANYA MTIHANI NA KULIPA DENI LA ADA KWA AWAMU TATU. Kiasi, tarehe tatu, sahihi. Nyuma nikabana barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, risiti za hospitali, na risiti ya elfu sitini niliyolipa jana yake. Hiyo elfu sitini usiidharau. Mhasibu akiona umeshaanza kulipa, anakuongelesha vingine kabisa.

Sasa utamu. Baba yangu mdogo ni karani mstaafu wa halmashauri, akanipigia simu: "Usimwachie mtu barua mkononi. Pita masijala, ofisi inayopokea barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na uulize folio, ile namba ya barua ndani ya faili." Nikaenda. "Shikamoo dada, barua yangu ni folio ya ngapi?" Akanitazama kama nimemuuliza mshahara wake. Ya 23.

Kesho yake uhasibu: haijafika. Ningekuwa mimi wa wiki iliyopita ningesema asante nikaondoka zangu. Nikasema taratibu, "Ni folio ya 23, imetoka masijala jana saa nane mchana." Yule kaka akainuka, akapekua meza, akainua chupa ya chai. Faili langu lilikuwa chini yake, na duara la chai limekauka kwenye jalada. Mimi na chai, sijui tumekoseana nini.

Kibali kilitoka Ijumaa, mtihani Jumatatu.

Deni lenyewe lililipika kwa kuungaunga. Waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi alinitafutia kama laki moja, darasa likachanga, nyingine niliitoa kwenye mchele wa Kyela niliouza hosteli kwa kilo. Mwaka uliofuata niliomba Bodi kama mwanafunzi anayeendelea, nikapata. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, usingoje wiki ya mwisho mtandao ukaanza kuzunguka.

Siku hizi geto langu limekuwa masijala ndogo. Wiki iliyopita kaja mvulana wa mwaka wa kwanza na kurasa nne. Nimezikata zikabaki aya mbili na kiasi cha hela. Kanuna mpaka leo, anasema nimemfuta bibi yake.