Mtihani wa usalama wa waendesha kreni: kwa nini nimeanza na jedwali la mizigo

Wengi wanaojiandaa kwa mtihani wa cheti cha usalama wa kuendesha kreni huanza na ishara za mikono, kwa kuwa zina picha na hukaririka upesi. Mimi nimeanza na jedwali la mizigo, yaani orodha ya uzito wa juu ambao kreni inaruhusiwa kuinua kwa kila umbali, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba uzito wa mtihani wote umelala hapo, hasa kwetu sisi tuliokwisha kukaa kwenye kiti cha mashine hii kwa muda na tunaodhani kwamba tunaijua kwa mwili.

Waendeshaji wazoefu hupenda kusema kwamba kreni hukuambia yenyewe inapozidiwa: miguu ya upande wa pili, ile inayotolewa ubavuni ili kreni isipinduke, huanza kuwa myepesi, nawe unashusha mzigo kabla mambo hayajaharibika. Kauli hiyo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Ukilitazama jedwali la kreni ya magurudumu utaona mstari mzito, au kivuli, au nyota kando ya baadhi ya tarakimu. Alama hiyo hutenganisha mizigo ambayo kikomo chake ni kupinduka na mizigo ambayo kikomo chake ni uimara wa chuma chenyewe. Katika sehemu ya kupinduka, mtengenezaji ameacha akiba. Kwa kawaida ya Marekani, kreni iliyosimama juu ya miguu yake huruhusiwa kubeba hadi asilimia 85 tu ya mzigo ambao ungeipindua. Katika sehemu ya uimara, mguu hauinuki, pimamaji haisogei, na kiti hakitikisiki, ilhali mkono wa kreni au pini yake tayari inabeba kuliko ilivyoundwa kubeba. Hakuna dalili ya kuisubiri huko, na ndiyo maana swali la jedwali halijibiwi kwa uzoefu bali kwa kalamu.

Chukua mfano wa aina ninayojifanyia mazoezi, wenye tarakimu za kubuni. Mzigo una kilo 5,300, na umbali kutoka kitovu cha mzunguko wa kreni hadi usawa wa ndoano ni mita 8.7. Jedwali linatoa kilo 7,100 kwa mita 8 na kilo 6,000 kwa mita 9. Ndoano na kapi zake zina kilo 320, minyororo na shakeli (pete za chuma za kuiunganisha) kilo 85, na mkono wa nyongeza uliokunjwa ubavuni hukatwa kilo 450. Anayesahau kutoa uzito wa vitu hivyo kwenye tarakimu ya jedwali atasema 6,000 ni zaidi ya 5,300, basi inua. Anayekumbuka kutoa, lakini akakadiria thamani iliyo kati ya safu mbili, atapata 6,330, atatoa 855, atabaki na 5,475, naye pia atainua. Jibu sahihi ni kuchukua safu ya umbali mkubwa zaidi, yaani 6,000, kutoa 855, na kubaki na 5,145. Mzigo huu hauinuliwi. Watunga mitihani wanazijua njia zote mbili za kupotea, na aghalabu majibu yake huwa yamekwisha kuwekwa miongoni mwa yale ya kuchagua.

Maelezo madogo yaliyo chini ya jedwali yanastahili kusomwa kabla ya tarakimu. Humo ndimo imeandikwa kwamba uwezo huo unahesabika pale tu miguu inapokuwa imetolewa kwa kiwango kilichotajwa, kreni imesimama sawasawa, kwa kawaida ndani ya asilimia 1 ya mteremko, na mzigo unaning'inia huru bila kuvutwa kwa ubavu. Humo pia utakumbushwa kwamba mkono hupinda kidogo mzigo unapoacha ardhi, hivyo umbali uliopimwa ndoano ikiwa tupu huongezeka mara uzito unapoingia. Kitu kilichokuwa mita 8.9 kinaweza kuvuka mita 9 bila wewe kugusa kijiti chochote.

Upande wa kufunga mizigo, hesabu moja inatosha kuonyesha kwa nini pembe hutahiniwa. Mzigo wa kilo 1,000 ukifungwa kwa minyororo miwili iliyo nyuzi 60 kutoka mlalo, kila mmoja hubeba takriban kilo 577; kwa nyuzi 45 ni 707; kwa nyuzi 30 kila mmoja hubeba kilo 1,000 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Anayefupisha minyororo kwa sababu nafasi ya juu ni ndogo anatakiwa kuliona hilo kichwani kabla hajalikubali.

Nyaya za umeme na ukaguzi wa kamba za chuma ni mambo ya kukariri, nami nimeyapa muda mfupi. Kanuni za Marekani zinataka angalau futi 10, karibu mita 3, kutoka kwenye nyaya zenye hadi kilovolti 50, na umbali huo huongezeka kadiri umeme unavyopanda. Kila mtu ajifunze zile za mahali atakapotahiniwa. Kwa kamba, kiwango cha kimataifa cha ISO 4309 ndicho kinachoeleza lini kamba iondolewe: nyuzi zilizokatika, kipenyo kilichopungua, kutu, na mikunjo.

Ishara za mikono nimeziacha mwisho, pamoja na mazoezi ya vitendo, kwa sababu huko mwili una kazi yake halali. Mwendeshaji hufuata mtoa ishara mmoja tu, isipokuwa ishara ya kusimama, ambayo huitii hata ikitolewa na mtu asiyemjua. Kinachowaangusha watu uwanjani ni mzigo unaobembea. Kuurudisha nyuma kwa ghafla huzidisha bembea. Unalotakiwa kufanya ni kuuacha ufike mwisho wa mwendo wake, kisha kuusogeza mkono wa kreni uje juu yake wakati uleule, kamba isimame wima, na bembea ife. Ninalifanyia mazoezi hilo kwa uzito mdogo na kamba ndefu, kwa kuwa kamba ndefu hubembea polepole na humpa mtu nafasi ya kuona wakati wenyewe. Nikishaweza bila kuharakisha, naifupisha kamba na kuanza upya.