Nilivyopata PMN safi isiyo na pirokloro

Niobati ya risasi na magnesiamu, ambayo kwa kifupi huitwa PMN, imechunguzwa kama rilaksa (kitu ambacho uwezo wake wa kuhifadhi chaji hupanda na kushuka polepole kadiri joto linavyobadilika, na kilele chake husogea kulingana na masafa ya umeme) tangu mwanafizikia Smolenskii na wenzake walipoieleza mjini Leningrad mwishoni mwa miaka ya 1950. Nilipoanza utafiti wangu wa uzamili nilidhani kwamba kuitengeneza ni kuchanganya oksidi tatu, za risasi, magnesiamu na niobiamu, na kuzichoma. Kwa miezi minne, kila unga nilioutoa tanuuni ulionyesha katika mchoro wa eksirei kilele kidogo kwenye pembe ya nyuzi 29.3, kushoto kwa kilele kikuu cha perovskaiti, yaani muundo wa fuwele nilioutaka. Kilele hicho kilikuwa cha pirokloro, muundo mwingine usiotakiwa, ambayo hata ikiwa kidogo hushusha sana uwezo wa kidonge (unga uliogandamizwa na kuchomwa) wa kuhifadhi chaji.

Chanzo chake ni kwamba risasi huungana na niobiamu mapema, magnesiamu ikaachwa nje. Nikafuata njia ya watafiti Swartz na Shrout ya mwaka 1982: nilichoma kwanza oksidi za magnesiamu na niobiamu peke yake hadi zikawa kolumbaiti, yaani kiwanja cha hizo mbili, ndipo nikaongeza oksidi ya risasi na kuchoma tena kwa nyuzi 850 za Selisiasi. Kilele kilipungua lakini hakikwisha, mpaka nilipogundua kwamba oksidi ya magnesiamu iliyokuwa chupani ilikuwa imevuta unyevu, hivyo kila nilichopima kilikuwa pungufu. Tangu hapo niliichoma kabla ya kuipima. Vidonge navyo nilivichoma kwa nyuzi 1200 nikiwa nimevifukia katika unga wa PMN, ndani ya kikombe cha alumina chenye kifuniko, kwa sababu oksidi ya risasi hutoroka kwa mvuke, na mvuke huo ni sumu ambayo haifai kabisa kuizoea.

Baada ya kupata unga safi, nilikwama katika kuelewa vipimo vyake. Kwa masafa ya 1 kHz uwezo wa kuhifadhi chaji ulifika kileleni karibu na joto la nyuzi 8 chini ya sifuri, na kwa 100 kHz kilele kikasogea nyuzi kadhaa juu. Lakini eksirei, hata nilipopoza kwa nitrojeni ya kimiminika, ilionyesha muundo uleule wa mchemraba. Nilitafuta badiliko la awamu, yaani la muundo wa fuwele, ambalo halikuwepo kwa wastani wa fuwele nzima. Magnesiamu yenye chaji 2 na niobiamu yenye chaji 5 hugombea nafasi zilezile bila mpangilio kamili, kwa hiyo ioni husogea pamoja katika visehemu vya nanomita chache tu, kila kimoja na mwelekeo wake.

Kilichonithibitishia maelezo hayo ni kuongeza titanati ya risasi hadi asilimia 40, ambapo muundo wa fuwele nzima hubadilika. Kilele cha eksirei kiitwacho 200, karibu na pembe ya nyuzi 45, kilipasuka kikawa viwili, kifupi kushoto na kirefu kulia, na nilipopasha kidonge kupita joto la nyuzi 250 vikaungana tena kuwa kimoja.