Neno opera kwenye risiti ya fundi bomba

Juzi bomba la jikoni kwangu, hapa Firenze, Italia, lilianza kuvuja, nikamwita fundi. Alifungua koki, akatoa kijipete cha mpira kilicholika, akaweka kipya na kufunga. Dakika ishirini hazikutimia. Risiti aliyoniachia ina mistari mitatu: mpira, euro 4, kuja nyumbani, euro 40, manodopera, euro 75. Wasomaji wa Tanga na Mwanza mnajua fundi wa mtaani angeondoka na kiasi gani kwa kazi ile. Nilimpigia mwenye nyumba, akanijibu kwamba matengenezo madogo sheria inamwachia mpangaji, na hapo sikuwa na la kubisha.

Nilikwenda kazini na uchungu wangu. Ninamtunza bibi mmoja wa miaka 88, aliyekuwa mwalimu wa Kilatini. Aliiomba ile risiti, akaweka ukucha katikati ya neno manodopera na kuligawa: mano, yaani mkono, d'opera, yaani wa kazi. Kisha akaelekeza kidole kwenye redio, ambako mwanamke alikuwa akiimba opera, ile tamthilia ya kuimbwa, kwa sauti ya juu, akasema kwamba neno ni lile lile. Nimeishi katika mji huu miaka tisa nikiamini kwamba opera ni neno la matajiri na mavazi yao ya usiku, kumbe maana yake ni kazi, tena kazi ya jasho.

Kilatini kilikuwa na opus, kazi iliyokwisha kufanywa, ambayo wingi wake ni opera. Na kilikuwa pia na jina jingine, opera la umoja, lenye maana ya jitihada na utendaji. Ndilo lililorithiwa na Kiitaliano, na ndiyo maana mfanyakazi wa kiwandani hapa huitwa operaio. Hata sisi tunalo bila kulijua: anayelazwa kufanyiwa operesheni, na wazee wetu waliohamishwa katika Operesheni Vijiji, wote wamepitiwa na ukoo huo.

Mchezo wenyewe wa kuimba ulizaliwa hapa hapa Firenze. Mwishoni mwa karne ya 16 wasomi na wanamuziki walikuwa wakikutana nyumbani kwa Giovanni de' Bardi, wakijadili namna Wayunani wa kale walivyoimba tamthilia zao. Kutokana na fikra hizo Jacopo Peri alitunga Dafne, ambayo sehemu kubwa ya muziki wake imepotea, na baadaye Euridice, iliyoonyeshwa mwaka 1600 katika jumba la Pitti, katika sherehe za ndoa ya Maria de' Medici na mfalme wa Ufaransa. Basi langu hupita karibu na jumba hilo kila asubuhi. Watunzi wale wa mwanzo hawakuiita opera. Monteverdi mwaka 1607 aliiita Orfeo yake favola in musica, hadithi katika muziki. Jina la opera lilishika baadaye, katika karne ya 17, wakati mji wa Venezia ulipokuwa umekwisha kufungua ukumbi wa kulipia kiingilio, mwaka 1637. Ni ufupisho wa opera in musica: kazi iliyofanywa kwa muziki.

Lakini katika mji huu neno lilikuwa na ajira yake karne tatu kabla ya hapo. Taasisi iliyoanzishwa mwaka 1296 kusimamia ujenzi wa kanisa kuu inaitwa Opera, na makumbusho yake huitwa Makumbusho ya Opera ya Duomo, yaani ya kanisa kuu. Humo hakuna waimbaji. Nilichokiona ni sanamu, na zana za waliojenga lile kuba kubwa, pamoja na roda za mbao, ndugu za zile zinazopandisha matanga ya majahazi yetu. Nilisimama mbele ya roda hizo kwa muda mrefu kuliko mbele ya sanamu yoyote.

Sisi watu wa pwani tuliupa muziki wetu jina la taarab, kutokana na neno la Kiarabu tarab, ile furaha inayompanda msikilizaji mpaka akainuka kwenda kutunza. Jina letu linamtazama anayesikia. La Waitaliano linamtazama anayefanya. Nalipenda letu, lakini sasa nalionea fahari na hilo lao, kwa sababu linanihusu mimi ninayemwinua bibi kitandani kila asubuhi.

Wewe unayejiandaa kuja huku, lichunguze neno hili kwenye mkataba. Ukiletewa contratto d'opera, ujue kwamba sheria inakuhesabu fundi wa kujitegemea: likizo ya malipo huna, na michango ya pensheni inakuangukia wewe. Kijana mmoja wa kwetu alitia saini akidhani ameajiriwa, akaugua wiki tatu bila kupata hata senti. Neno la kutafuta ni subordinato, yaani aliyeajiriwa chini ya mwajiri. Usipoliona, rudi na karatasi nyumbani, umpe mtu anayejua Kiitaliano akusomee kabla hujaweka saini.