Mgongo unauma, lakini tazama na mapaja

Sisi madereva wa trela wa njia ya Malaba hadi Katuna tumezoea kuchua kiuno. Chini ya kiti hapakosi chupa ya dawa ya kuchua, na utingo ndiye mchuaji. Nafuu unaipata, lakini kesho yake ukishuka Lukaya kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, unashuka umejikunja. Naumia kuona vijana wenye nguvu zao wanaacha usukani kwa sababu ya mgongo, na hakuna aliyewahi kuwapima miguu.

Mimi miguu yangu ilipimwa na mama mmoja wa fiziotherapia hapa Kampala. Alinilaza chali, akakunja goti langu la kulia, akalisukuma kuelekea kifuani. Likaenda bila shida. Kisha akaunyoosha mguu uleule, akaushika kisigino na kuuinua polepole. Haukufika mbali, nyuma ya paja pakakaza kabisa. Mkono wake mwingine alikuwa ameupitisha chini ya kiuno changu. Alipozidi kuinua, kiuno kikaulalia ule mkono na kuubana kitandani.

"Unasikia, mzee wangu? Paja limegoma, sasa linavuta nyonga."

Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu. Inaanzia kwenye mfupa wa kalio, uleule tunaoukalia, inapita nyuma ya goti na kushika mifupa iliyo chini yake. Ukiinama kukaza kamba za turubai au kutazama tairi, nyonga inatakiwa izunguke kwenda mbele. Misuli hiyo ikiwa imekaza, inaishikilia kwa chini isizunguke. Kuinama utainama tu, ila kazi yote inaangukia pingili tano za kiuno, na diski zilizo kati yake zinabanwa upande wa mbele. Mara moja si neno. Lakini sisi tunainama hivyo kila kituo, tena baada ya kukaa kutwa nzima.

Mbele nako kuna msuli unaotoka ubavuni mwa pingili hizohizo hadi sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Huo hufupika kwa kukaa. Ukisimama, unavuta kiuno kwenda mbele.

Siku hizi nikisimamisha gari naweka kisigino kwenye kidato cha kupandia, goti limenyooka bila kulazimishwa, mgongo wima, kisha nainamia nyonga mpaka nyuma ya paja paanze kuvuta. Nakaa hapo kama nusu dakika, bila kudundadunda, nabadilisha mguu. Halafu napiga goti moja juu ya kipande cha boksi na kusogeza nyonga mbele, ili kuunyoosha ule msuli wa mbele. Ni kazi ya wiki nyingi, usitegemee muujiza wa jioni moja.

Si kila mgongo unaouma umeletwa na mapaja. Ukinyoosha ukasikia ganzi au moto unashuka hadi unyayoni, acha. Huo huenda ni mshipa wa fahamu, nao haupendi kuvutwa. Homa za usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo, kapimwe, maana kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Na ukifa ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukakataa kutoka au kuzuilika, au mguu ukalegea, usisubiri kushusha mzigo. Mwachie utingo alinde gari, wewe nenda hospitali saa hiyohiyo.