Monita ya kukaa nayo kutwa: cha kuangalia kabla hujalipa

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo au Moi Avenue, Nairobi, muuzaji atakuuliza kwanza unataka inchi ngapi. Ukubwa peke yake haukuambii macho yatakuwa na hali gani ikifika saa kumi jioni. Kwa mtu anayekagua hesabu, anayehariri maandishi au kuandika programu saa nane kwa siku, yanayoamua ni mambo matatu: ukali wa herufi, taa iliyo nyuma ya kioo, na stendi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloandikwa kwa wino mkubwa kwenye boksi.

Tuanze na herufi. Kioo cha inchi 24 chenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1080 kina takribani pikseli 92 kwa kila inchi. Pikseli hizohizo zikitandazwa kwenye inchi 27, unabaki na 82 tu, na ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo utaziona kingo za herufi zimekatika ngazi ngazi. Inchi 27 ya aina hiyo ndiyo inayosukumwa sana madukani kwa sababu inaonekana kubwa kwa bei ndogo. Kwa kazi ya maandishi mimi ningeiacha hapohapo. Inchi 27 inataka pikseli 2560 kwa 1440, yaani 109 kwa inchi. Ukiwa na uwezo wa 4K (pikseli 3840 kwa 2160) kwenye inchi 27 unafika 163, na herufi zinatulia kama za kitabu, ila lazima uweke ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya kompyuta kuwa asilimia 150. Usipofanya hivyo kila kitu kinakuwa kidogo mno, na utajikuta umeinamia meza bila kujua.

Wanaotumia Mac wana habari yao. Tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, macOS, mfumo unaoendesha kompyuta hizo, iliacha mbinu ya kulainisha herufi kwa kutumia vipande vya rangi vya ndani ya pikseli. Ndiyo maana monita ya inchi 24 inayoonekana safi kwenye Windows huonekana na ukungu ikichomekwa kwenye MacBook. Hapo 4K ni hitaji la kweli.

Kuhusu paneli, yaani kioo chenyewe kinachotoa picha, aina kuu madukani ni IPS, TN na VA. Chukua IPS. TN hubadilika rangi ukishusha kichwa kidogo tu, na sehemu ya juu ya ukurasa haifanani na ya chini hata ukiwa umetulia. VA ina weusi mzuri kuliko IPS, lakini nyingi huacha kivuli nyuma ya maandishi unaposhuka haraka kwenye ukurasa wenye mandhari meusi.

Sasa taa, ambayo wanunuzi wengi hawaiulizii kabisa. Monita nyingi za zamani, na baadhi ya mpya za bei rahisi, hazipunguzi mwangaza kwa kupunguza nguvu ya taa. Zinaiwasha na kuizima taa ya nyuma kwa kasi, mathalani mara 200 au 240 kwa sekunde, na kadiri unavyoshusha mwangaza ndivyo muda wa kuzima unavyorefuka. Huoni chochote, lakini wapo watu wanaoumwa kichwa na kuchoka macho kwa sababu hiyo. Mtu anashusha mwangaza ili apumzishe macho, kumbe anaongeza kilekile kinachomuumiza.

Kupima kunachukua dakika mbili, na muuzaji mwema hatakukatalia. Fungua ukurasa mweupe mtupu, ujaze kioo chote. Ingia kwenye menyu ya monita ushushe mwangaza hadi 20. Usipime ukiwa kwenye 100, maana hapo karibu kila monita inafaulu. Kisha fungua kamera ya simu kwenye hali ya kurekebisha kwa mkono, weka kasi ya picha iwe sehemu moja ya 1000 ya sekunde au muda mfupi zaidi ya huo, uielekeze kwenye kioo. Ukiona mistari myeusi mipana ikipita, taa inawaka na kuzima. Kama simu haina hali hiyo, shika kalamu mbele ya kioo cheupe uipunge upesi kushoto na kulia. Kwenye taa tulivu utaona ukungu mmoja laini. Kwenye taa inayozima utaona kalamu nyingi zilizotengana, moja baada ya nyingine.

Ukiwa bado kwenye menyu hiyo, shusha mwangaza hadi sifuri uone kama kweli kioo kinafifia. Karatasi nyeupe katika ofisi yenye mwanga wa lux 500 (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) hurudisha mwanga wa kandela 120 hivi kwa mita ya mraba, kipimo kilekile cha mwangaza wa monita. Namba ya kandela 250, 300 au 350 iliyo kwenye boksi ni kilele, na kutwa ndani ya chumba utafanya kazi chini ya nusu ya hapo. Monita isiyoweza kushuka vya kutosha itakusumbua usiku, hasa kwenye chumba chenye balbu moja. Nyumbani, rekebisha kwa karatasi ya A4: isimamishe kando ya kioo. Kioo kikiwaka kama taa kando ya karatasi, shusha. Kikionekana kijivu, pandisha. Rudia jioni, kwa sababu mwanga wa chumba unakuwa umebadilika.

Kwa bajeti ya kawaida, monita ya ofisini iliyokwisha kutumika huishinda mpya ya bei ileile, mradi uijue. Dell hurahisisha kwa sababu jina linasema mengi. Kwenye P2419H, P ni familia ya ofisini, 24 ni inchi, 19 ni mwaka wa toleo, na H ni pikseli 1920 kwa 1080. D mwishoni ni 2560 kwa 1440, Q ni 4K. Hiyo P2419H ni IPS, taa yake haizimizimi, na stendi inapanda na kushuka sentimita 13. Linganisha na U2412M ya familia ya U (UltraSharp) ya Dell, ambayo bado inapatikana kwa wingi: ni IPS nzuri yenye urefu wa ziada wa 1920 kwa 1200, lakini taa yake inawaka na kuzima. U2414H iliyofuata haina tatizo hilo. Herufi chache tu zimebadilika kwenye kibandiko.

Kwa mtumba, soma pia tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko cha nyuma. Jaza kioo na rangi nyeupe uangalie pembe kama zimekuwa za njano, na kama kuna madoa ya mviringo yanayong'aa. Hayo hutokana na kubanwa wakati wa kusafirishwa. Kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, kutafuta pikseli zilizokufa. Iache iwake nusu saa, maana hitilafu ya umeme wa ndani mara nyingi hujitokeza ikishapata moto. Na uhakikishe stendi unayopewa ni yake.

Stendi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukingo wa juu wa kioo unatakiwa uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70. Stendi nyingi za bei rahisi hulala nyuma na mbele tu. Rimu moja ya karatasi huinua sentimita 5 hivi, na kwa wengi rimu mbili zinatosha. Ukipanga kununua mkono wa kufunga mezani, tafuta mgongoni mwa monita matundu manne yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 100 au 75. Hutumia skrubu za M4. Monita isiyo na matundu hayo haifungiki bila kifaa cha ziada.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma yako utaliona ndani ya kioo, likiwa mbele yako macho yatapigana na jua asubuhi yote. Kioo kisichong'aa ndicho cha kuchukua.

Hali ya kupunguza mwanga wa bluu itumie usiku ukiipenda, lakini usilipe pesa ya ziada kwa ajili yake. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, AAO, hakipendekezi miwani ya kuchuja mwanga huo kwa kazi ya kompyuta. Uchovu wa macho hutokana zaidi na kupepesa kope mara chache na kukazia umbali mmoja kwa muda mrefu. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20.

Ukishafika nyumbani, achana na kebo ya VGA, ile ya kizamani ya analojia. Huharibu ukali wa herufi uliolipia. HDMI na DisplayPort ni kebo za kidijitali. Kwa 4K, HDMI ya toleo la 1.4 itakupa picha 30 tu kwa sekunde na mshale utaburuzika, kwa hiyo tumia DisplayPort au HDMI 2.0. Weusi ukionekana kama umepauka, badilisha masafa ya rangi ya HDMI yawe kamili kwenye mipangilio ya kadi ya picha. Kipengele cha Sharpness (ukali) kwenye menyu ya monita kikiwa juu mno huzungushia herufi mstari mweupe, kirudishe katikati.

Waliovuka miaka 40 wana jambo moja zaidi. Miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa sentimita 40, nayo monita iko 60 na zaidi, hivyo shingo inasogea mbele kutafuta herufi. Pima kwa tepu kutoka jichoni hadi kwenye kioo, umpe mtaalamu wa miwani namba hiyo. Na kama lenzi zako zina sehemu ya kusomea kwa chini, shusha monita sentimita kadhaa na uilaze nyuma kidogo, usije ukainua kidevu siku nzima.