Ramani za Bure za Korea Kaskazini

Anayetaka ramani ya kina ya Korea Kaskazini hawezi kuitarajia serikali ya nchi hiyo, kwa kuwa huko hata mambo ya kawaida hufanywa siri. Hadi Januari 2013, Google ilipoongeza barabara na majina yaliyokusanywa na watu wa kujitolea, Pyongyang yenyewe ilionekana karibu tupu kwenye ramani zake. Leo mimi huanzia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo data zake hupakuliwa bila malipo.

Hata hivyo, hazina ninayoipenda kuliko zote imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, iliyoweka mtandaoni ramani za jeshi la Marekani za miaka ya 1950, zenye kipimo cha 1:250,000, yaani sentimita moja ni kilomita 2.5. Nilipofungua karatasi ya Nampo, mji ulioitwa Chinnampo zamani, niliukuta mto Taedong ukimwaga maji yake baharini bila kizuizi chochote. Lakini katika picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo nazo ni za bure na kila nukta yake ni mita 10 ardhini, mlango huohuo wa mto umekatwa na ukuta wa takriban kilomita 8, uliokamilishwa mwaka 1986. Kwa hiyo ramani ya zamani naiamini kwa milima na mabonde, ila ufuo, barabara na majina ya miji huvihakiki kwanza kwa picha mpya, kimoja baada ya kingine.